Chupa ya Pili ya Mdachi

Jumatatu, 1 Juni 1936. Same.
Ushindi! Nimeipata kwa kipande cha chumvi: chupa ya buluu ya kuwekea maua, iliyopulizwa kwa mdomo huko Udachini, ikaachwa na mmisionari vita vilipomfukuza. Mzee aliyeniuzia alikuwa akiitilia ugoro. Watu hawaoni! Mimi naona: mapovu madogo ndani ya kioo, mdomo uliopinda kidogo, kovu kitakoni ilipobanduliwa kutoka kwenye fimbo ya chuma ya fundi. Chupa ya mashine haina kovu.
Bibi mzungu wa shamba la mkonge aliigeuzageuza, akasema moja haimfai, zilikuwa pacha. Nikileta ya pili atanipa baiskeli ya mumewe. Baiskeli! Mimi, Melkizedeki!
Na ya pili najua iliko.

Jumatano, 3 Juni. Chome.
Nimepanda mlima siku nzima, magoti yamekwisha. Chupa iko kwa Bibi Zipora, shangazi wa marehemu baba. Ameitilia mbegu za maharage. Nilimpa shikamoo ndefu, nikaiomba chupa. Akaitikia marahaba, akasema atafikiri.
Natoka nje, nani anaingia? Kassimu! Mchuuzi mwenzangu wa Same, yule mdandia bahati za watu, na doti ya kanga kwapani. Nimechukia hata ugali haukushuka.

Alhamisi, 4 Juni.
Akili nimejaliwa. Alfajiri nilimwambia mzee Asheri, mpiga baragumu, kwamba ndiva yetu, bwawa la kumwagilia, imepata ufa, maji yote yatashuka mashambani. Uongo mtupu. Akapuliza baragumu la msaragambo. Likilia, kila mwenye nguvu anatoka na jembe, vikongwe wanabaki. Anayejificha anatozwa mbuzi. Kassimu achimbe, mimi nijipenyeze kwa Bibi.
Balaa! Asheri akasema mgeni hapewi jembe. Kassimu akapewa kigoda na uji. Mimi, mtoto wa ukoo, tena niliyeuona ufa, nikapewa jembe zito kuliko yote. Nimezama topeni hadi kiunoni huku Kassimu akijifuta mdomo na kuelekea kwa Bibi. Kidogo niungame.

Ijumaa, 5 Juni.
Mungu si Athumani. Ufa upo! Upo kweli, chini ya tope, mkono wangu unaingia mzima. Wanawake wakapiga vigelegele. Asheri akasema nina jicho la mababu. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, ule wa kanisani.
Kassimu ameambulia patupu. Siku mbili amegonga mlango wa Bibi, kumbe Bibi tunaye kwenye msaragambo tangu jana, kajitwika mawe! Jioni akamwaga maharage, akanipa chupa bure. Alisema shamba lake ndilo lingesombwa la kwanza. Nililia kidogo.

Jumapili, 7 Juni. Same.
Baiskeli ni yangu tangu jana! Sijui kuiendesha. Nimeikokota mara tatu mbele ya nyumba ya Kassimu, nikipiga kengele. Alichungulia. Raha!
Ibadani nimewaza sana, wala si mahubiri. Nimegundua kwamba nikisema uongo, unageuka kweli. Hiki ni kipaji, na kipaji hakifukiwi ardhini. Nasikia Ugweno, juu ya Mwanga, kuna mjane mwenye taa ya Mdachi ya kioo chekundu. Haiuzi. Kijiji kikitoka chote, nitabaki naye tuelewane.
Kwa hiyo Jumanne nitapanda huko peke yangu, kwa njia ya msituni, nikatangaze kwamba nimekutana na chui.