U0100 Kwenye Gari la Mwalimu Inshirah

Jumamosi, 11 Mei
Mwalimu Inshirah ameniletea gari kubadilisha oili. Anafundisha jiografia, ananukia asumini. Alhamisi mdogo wake anaolewa. Akauliza kama ningekubali kumwendesha kwenye msafara wa harusi, maana honi nyingi humtia kizunguzungu. Kama ningekubali!

Nimebadilisha oili. Kisha zawadi yangu ya siri: nimeosha injini nzima kwa pampu ya maji mpaka ikang'aa. Mvuke ukapanda taratibu. Ndani yake niliuona mkono wa Inshirah nje ya dirisha, ukipunga kitambaa, na mto Nile ukipita chini yetu.

Jumapili, 12 Mei
Haiwaki! Staata inazunguka, injini kimya. Kifaa changu cha kusomea hitilafu, kidogo kama kiberiti, kimeandika U0100: mawasiliano na kompyuta ya injini yamepotea. Nikafuta. Ikarudi. Nimefuta mara kumi na moja.

Bayumi, fundi wa ng'ambo ya barabara, mwenye mashine kubwa na cheti ukutani, akapaza sauti: "We Zaghlul! Ukifuta jina la ugonjwa, mgonjwa anapona?" Nikaingiza kichwa chini ya boneti. Nilikuwa nawaza.

Nimempigia Inshirah, nikamwambia gari linapumzika. Akasema hajawahi kusikia gari likipumzika. Nikasema haya ya kisasa ndivyo yalivyo.

Jumanne, 14 Mei
Nimenunua kompyuta ya injini ya mtumba. Nimeifunga kwa saa moja tu. Fundi ni fundi! Gari halikuutambua ufunguo wake. Muuzaji akacheka: kila kompyuta na ufunguo wake, hilo halihitaji kusomewa. Nimerudisha ya zamani.

Adhuhuri nimesinzia kiti cha nyuma. Nimeota kompyuta inaniita kwa jina langu, sauti nzuri, kutoka chini ya maji. Ndoto isiyo na maana yoyote.

Jumatano, 15 Mei
Hila bora kuliko zote. Nimempigia Bayumi simu, leso mdomoni, nikajiita Haji Mitwalli wa Damietta, mwenye gari lenye U0100. Alisikiliza kwa adabu. Akasema: "Haji, mwambie fundi wako asikimbilie kununua kompyuta. Apime kwanza kama umeme unaifikia. Achomoe soketi yake, aangalie maji na kutu. Akaushe kwa upepo wa kompresa, asugue waya wa hasi wa betri kwa msasa. Halafu amtafute aliyeosha injini, amfunge mikono."

Nikasema mwoshaji hajulikani.

"Basi nisalimie Zaghlul," akasema, akakata. Nilipogeuka, alikuwa ananipungia mkono kutoka ng'ambo.

Soketi ilitoa maji ya kujaza kijiko. Waya wa hasi ulikuwa na kutu ya kijani. Nimekausha, nimesugua. Imewaka! U0100 haipo! Nimelia kidogo.

Inshirah amekuja saa kumi, kasema mikono yangu ina baraka. Kesho saa kumi na moja jioni, nivae tai.

Alhamisi, 16 Mei
Asubuhi. Gari linameta nje. Nikafungua boneti: vumbi la barabara na alama za vidole vyangu. Siku ya harusi! Nimeosha. Kidogo tu, kwa upendo.

Usiku. Liliwaka vizuri. Magari kumi na manne, honi kwa mdundo wa harusi, Inshirah kando yangu, kitambaa nje ya dirisha, mto chini. Yote kama nilivyoyaona kwenye mvuke. Katikati ya daraja la Talkha taa za dashibodi zikawaka zote kwa pamoja. Uzuri wa ajabu. Kisha injini ikazima.

Magari ya nyuma yakaendelea kupiga honi. Mdundo haukuwa wa harusi tena.

Bayumi, kumbe binamu wa bwana harusi, akasimamisha pikapu yake. Inshirah akashuka, viatu mkononi, akaniuliza kama nimeliosha tena. Nikasema kidogo tu. Bayumi akamfungulia mlango: "Panda, mwalimu. Hii haijaoshwa tangu mapinduzi."

Akapanda. Kitambaa kilipepea mpaka mwisho wa daraja.

Ijumaa, 17 Mei
U0100.

Nimekaa kando ya mto mchana kutwa, nikifikiri kwa utulivu. Kosa nimelipata. Maji ya bomba yana chumvi, na chumvi ndiyo mama wa kutu. Nimeagiza chupa nane za maji ya waridi kwa muuza manukato. Kesho naosha upya, polepole, nikianzia kwenye soketi.