Kununua Maji Manga

Sacco imekataa kumpa Ondieki mkopo. Makaratasi yake yamerudi asubuhi hii, kurasa nane zilizochapwa vizuri, na juu ya ukurasa wa kwanza afisa wa mikopo ameandika maneno matatu kwa wino mwekundu: "Mnanunua maji Manga?"

Ofisi inafungwa saa kumi. Kesho mwalimu mkuu anatoa oda ya matofali elfu ishirini ya bweni, na kama Ondieki hana pesa ya kuanzia kazi, oda inaenda kwa jamaa mmoja wa Ogembo mwenye tanuri mbili na mdomo mkubwa.

Hiyo ndiyo habari iliyofika kwenye benchi letu hapa stejini Manga, mbele ya kibanda cha chai cha Celestine. Celestine tunamwita Benki Kuu, maana anakopesha chai na ana daftari linalojua siri zetu kuliko mapadri. Mimi ni mwashi, jina langu hapa ni Timazi. Shule niliiacha darasa la sita, lakini ukuta wangu haujawahi kuinama. Karibu nami alikuwa Machogu, mzee wa kanisa la Waadventista, tunayemwita Sabato. Ondieki mwenyewe ni Tanuri. Alifika akiwa na karatasi mkononi na uso kama wa mtu aliyeumwa na nyuki.

"Someni wenyewe," akasema, akaitupa kwenye benchi.

Celestine akafuta mikono kwa aproni, akaichukua. "Makadirio ya gharama. Maji, lita laki moja na ishirini elfu: shilingi elfu thelathini na sita."

Nikatema chai.

"Maji gani?" nikauliza.

"Ya kukandia udongo," Ondieki akajibu kwa sauti ndogo.

"Tanuri, shimo lako la udongo liko hatua kumi kutoka mtoni. Na mvua hapa inanyesha kila siku saa nane kama imeandikwa kazi. Unanunua maji kwa nani? Kwa Nyasae, Mungu mwenyewe?"

"Ngoja, bado," Celestine akasema, macho yakimtoka. "Malisho ya punda wawili: elfu kumi na nane."

Sabato akavua kofia. Mtu huvua kofia mbele ya maiti au mbele ya maajabu. "Omogaka, mzee mwenzangu, una punda?"

"Sina."

"Basi wanakula kwa nani?"

Ondieki akageuka akanyoosha kidole upande wa pili wa barabara, ambako Makori alikuwa anajaribu kupita kama mtu asiyetujua. Makori ni kijana aliyesoma uhasibu mihula mitatu kule Kisii kabla karo haijaisha. Tunamwita Mhasibu, naye hajawahi kukataa. Ndiye aliyelipwa elfu tatu kuandika makaratasi hayo.

"Omomura! Wewe kijana!" Ondieki akaguruma. "Kuja hapa ulishe punda wako!"

Makori akaja, begi limebanwa kwapani. "Wazee, msinipigie kelele barabarani. Ile ni bajeti kamili. Kuna makadirio ya mauzo, ya uzalishaji, ya malighafi, ya pesa taslimu, halafu taarifa ya faida na hasara, halafu mizania. Kila kitu kimetoka kwa kingine. Kanuni ni zile zile kila mahali."

"Uliitoa wapi?" nikamuuliza.

"Si nimesema, kanuni..."

"Makori. Wapi?"

Akaangalia viatu vyake. "Kuna classmate wangu. Alifanyia mjomba wake wa matofali. Mimi nikabadilisha jina."

"Huyo mjomba anaishi wapi?"

"Kitui."

Kitui, kule kwenye ukame, ambako maji hununuliwa na kubebwa na punda! Benchi lilitikisika. Celestine alishika nguzo ya kibanda asianguke. Sabato, mtu mzito wa kanisa, alicheka mpaka machozi yakaingia kwenye ndevu. Hata Ondieki alianza kucheka, halafu akakumbuka ni mkopo wake.

"Nguo ya kuazima haisitiri maungo," Sabato akasema akijifuta. "Kijana, umemvika Tanuri suruali ya Kitui na sisi tunaona kila kitu."

"Lakini imebalansi!" Makori akalia. "Angalieni mizania. Pande mbili zinalingana mpaka shilingi ya mwisho."

Celestine akafunua ukurasa wa saba. "Mali mwisho wa Novemba. Punda wawili: elfu thelathini."

"Ukitoa punda, mizania haisimami," Makori akasema, na alimaanisha.

"Kwa hivyo inasimama kwa miguu minane ya punda wasiokuwepo," nikamwambia.

"Na akiba ya matofali mabichi elfu tatu, yamepangwa uwanjani," Celestine akaendelea kusoma.

"Novemba? Nje? Bila kifuniko?" Ondieki akashika kichwa. "Makori, hiyo si akiba. Hiyo ni uji!"

Wakati huo ilikuwa saa tano kasoro. Kutoka hapa mpaka ofisi ya sacco Nyamira mjini, pikipiki inataka saa nzima ukihesabu matope. Ondieki aliacha kucheka kabisa. Akakaa, magoti yakiwa wazi, akaangalia chini.

"Ile faida ya elfu sabini nilikuwa nimemwambia bibi," akasema.

Hapo hakuna aliyecheka. Celestine akarudi ndani, akatoka na daftari lake, akararua karatasi mbili za katikati na kuweka kalamu juu. Kwa Benki Kuu kurarua daftari ni jambo kubwa. Kuna majina ya watu mle.

"Tuanze upya," akasema. "Tanuri, wewe unajua matofali. Sema. Mimi ninaandika. Mauzo?"

"Elfu ishirini kwa shilingi tisa. Laki moja na themanini."

"Hapo hata Kitui wako sawa. Maji?"

"Bure."

"Punda?"

"Ondoa, Celestine, usinichokoze. Weka kuni. Huyu ameandika elfu nne, ati kuni za kuokota. Hapa utaokota kuni za nani? Mikaratusi ina wenyewe. Lori moja ni elfu ishirini, na nataka lori tatu."

"Elfu sitini," akaandika. Makori akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa.

"Vibarua ni shilingi mbili kwa tofali," Ondieki akaendelea. "Elfu arobaini."

Nikainua mkono. "Tofali ngapi?"

"Elfu ishirini, Timazi, si nimesema?"

"Elfu ishirini ni za kuuza. Mvua itakula ngapi? Na zitakazopasuka motoni? Mimi ndiye hukataa matofali yako mabovu kila wiki, ninayajua kuliko watoto wangu."

Akakuna shingo. "Basi nifinyange elfu ishirini na nne."

"Elfu arobaini na nane," Celestine akasema. "Nailoni ya kufunikia?"

"Elfu kumi. Na usafiri elfu kumi na mbili, kama ilivyo."

Celestine akajumlisha midomo ikitembea. "Laki moja na thelathini. Faida elfu hamsini."

"Elfu ishirini zimepotea!" Ondieki akasema.

"Hazijapotea," nikamwambia. "Hazikuwepo. Zilikuwa Kitui."

Sabato alikuwa ameichukua karatasi ya Makori na kuishika mbali na macho, kama wazee wafanyavyo. "Hapa ameandika kazi ni siku ishirini mfululizo. Mfululizo maana yake ni pamoja na Jumamosi?"

Makori akajidai anafunga begi.

"Vibarua wa Tanuri wawili ni wa kanisa langu. Jumamosi hawagusi udongo hata ukiwapa wa dhahabu. Wengine wawili ni Wakatoliki, hao Jumapili hawapo. Na Ijumaa?"

"Mazishi," tukajibu wote.

"Basi wiki ya Manga ina siku nne. Tofali elfu moja kwa siku, nne kwa wiki. Elfu ishirini na nne ni wiki sita. Kukauka wiki mbili, kuchoma na kupoza wiki moja, kubeba wiki moja. Wiki kumi."

"Rejesho la kwanza la sacco ni baada ya siku sitini," Celestine akasema taratibu. "Wiki kumi ni siku sabini. Hizo siku kumi utalipa na nini?"

Ondieki akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Bonasi ya majani chai yangu. Si kiwanda kinailipa Oktoba?"

Celestine alifungua daftari, akalamba kidole, akafunua. "Ondieki. Chai na mandazi tangu Mei: atalipa bonasi." Akamwangalia. "Na mabati uliyochukua kwa Kantilal kule Kisii?"

"Nilimwambia Mhindi bonasi."

"Karo ya binti yako Sheila?"

"Bonasi."

"Na ile ahadi ya kanisa," Sabato akaongeza, "sikutaka kuisema mbele ya watu."

"Tanuri, hiyo bonasi yako imeshaoa wake wanne," nikasema. "Usiitafutie wa tano."

Wingu lilikuwa limeanza kukaa juu ya mlima. Ondieki akachukua kofia yake. "Basi. Wacha jamaa wa Ogembo achukue."

Sasa, mimi si msomi. Lakini nimejenga mabweni matatu, na kuna jambo moja ninalolijua.

"Keti," nikamwambia. "Mwalimu mkuu analipa vipi?"

"Siku matofali yanapohesabiwa pale shuleni."

"Na ataanza kujenga nini? Paa? Ataanza msingi. Msingi hauhitaji matofali elfu ishirini siku moja. Ukimpeleka yote, yatakaa pale yaote majani na wezi wachague. Choma nusu. Finyanga elfu kumi na mbili, wiki tatu. Kausha mbili. Choma na ubebe moja. Wiki sita, siku arobaini na mbili. Unampa elfu kumi, anakupa elfu tisini. Unalipa rejesho la sacco, na inayobaki unachomea nusu ya pili."

Celestine alishaanza kuandika. "Nusu ya kwanza. Kuni elfu thelathini. Vibarua ishirini na nne. Nailoni yote kumi. Usafiri sita. Elfu sabini." Akainua kichwa. "Tanuri, uliomba ngapi?"

"Laki moja na kumi."

"Unahitaji sabini."

Makori alikuwa amesogea bila kuitwa. Akachukua kalamu polepole, akapiga mistari, akapanga zile nambari za Celestine kwa mwezi: pesa inayoingia, inayotoka, inayobaki. Kisha akaandika mizania mpya, bila mnyama yeyote.

"Imesimama," akasema kwa mshangao. "Kwa miguu yake."

Ondieki alikunja karatasi mbili za daftari, akazitia ndani ya nailoni ya mkate, akaruka kwenye pikipiki ya kwanza. Akiwa njiani alimpigia mwalimu mkuu simu, nasi tuliambiwa baadaye: wazo la nusu kwa nusu mwalimu alilipenda, maana hata yeye hana mahali pa kuweka matofali yote.

Alirudi saa kumi na moja, amelowa mpaka soksi, meno yote nje. Afisa alisoma karatasi amesimama. Akauliza swali moja tu, nani ameandika siku nne kwa wiki, kwa sababu tangu aajiriwe hajawahi kuona bajeti ya Nyamira inayokumbuka mazishi. Akapiga muhuri. Elfu sabini, na Jumatatu anakuja kuona shimo la udongo, akiwa amevaa gambuti za matope.

Tulipiga makofi. Mvua ilikuwa inapiga bati la kibanda, tukajibana chini yake sote watano, na Celestine, ambaye hasahau, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaandika huku akisoma kwa sauti ili Ondieki asikie:

"Gharama za Tanuri za kutafuta mkopo. Makori, kwa kazi ya Kitui: elfu tatu. Amerudisha mia tano, nyingine ameahidi bonasi ya mama yake. Kuchapa kurasa nane: mia moja na ishirini. Pikipiki kwenda Nyamira na kurudi, mara mbili: mia sita. Karatasi mbili za daftari langu: kumi. Chai vikombe sita: mia moja na ishirini. Mandazi manane: themanini. Jumla, ukitoa hizo mia tano: elfu tatu, mia nne na thelathini.

"Maji: bure."