Paka Asiyetia Saini Daftari la Mlangoni

Kwa Mama Daktari wa Wanyama,
Chumba cha pili, pale penye mizani ya kupimia mbwa.

YAH: PAKA ALIYENIAMBUKIZA KORONA, NA HAKI ZANGU

Mheshimiwa,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, pamoja na wenzako wote mnaoshika wanyama wasioshikika. Anayekuandikia si mtu wa kuokotwa. Mimi ndiye yule aliyewahi kusimamisha treni kwa chafya. Dereva alidhani ni honi ya treni nyingine inakuja mbele, akafunga breki, abiria wakashuka mmoja mmoja kunipa mkono. Shule niliishia darasa la sita, lakini la saba lilinifuata nyumbani. Kwa hiyo nikisema jambo la kitaalamu, naomba lisipuuzwe.

Jambo lenyewe ni hili. Nakaa kwa dada yangu, mshonaji, ambaye cherehani yake iko sebuleni. Juma lililopita nilikohoa siku tatu, nikapimwa hapo hapo nyumbani, nikakutwa na korona. Siku ya nne paka wa nyumbani, tunayemwita Bosi, naye akaanza kupiga chafya. Mpwa wangu akamtia kwenye kikapu cha nguo, akamleta kwako, ukampima, akakutwa nayo. Ukambakiza hapo umwangalie, na mpwa wangu ukamrudisha na karatasi yenye swali moja: nani aliugua kwanza?

Swali hilo, Mheshimiwa, limenivunjia nyumba. Dada yangu aliisoma karatasi kwa sauti mbele ya wateja wawili waliokuja kupimwa magauni, kisha akatangaza kwamba aliyeleta ugonjwa ndani ndiye atakayehama, awe na mkia au asiwe nao. Akiwa ni paka, ataenda kukaa kwenye ghala la mwuza nafaka, afukuze panya. Nikiwa ni mimi, nirudi chumba changu cha zamani nyuma ya gereji, ambacho mvua ikinyesha mtu hulala amekaa. Anangoja jibu lako kesho asubuhi. Ndiyo maana nimetangulia na malalamiko yangu, nayo ni haya:

1. Swali lako lina upendeleo. Kukohoa kwanza si kuugua kwanza. Kifua changu mimi ni cha haraka. Vifua vingine vikiwa bado vinavaa viatu, changu kimeshafika na kurudi. Paka ni mvivu. Anaweza kuugua Jumatatu akaja kupiga chafya Ijumaa. Kiumbe anayelala mchana kutwa, utajuaje leo amelala na kesho anaumwa?

2. Ushahidi wa maandishi. Ugonjwa huu ulipoingia mtaani, dada yangu alifunga daftari kwa uzi wa kushonea kwenye kitasa cha mlango. Kila anayetoka aandike jina, saa, na aendako, kisha atie saini. Asiyeandika, hali chakula. Tazama ukurasa wangu: mweupe kama sahani iliyooshwa. Wiki tatu nzima sikutoka hata kumwaga takataka, na dada yangu ni shahidi, kwani alilalamika sana. Lakini paka alikuwa akitoka bila kuandika, nami kwa uzalendo nikawa namwandikia. Nanakili:

"Jumatatu, saa kumi jioni. Bosi katoka. Hana barakoa. Karudi saa kumi na mbili."

"Jumatano, saa kumi jioni. Bosi katoka, nimemwita hakugeuka. Karudi saa kumi na mbili, amenyong'onyea."

"Ijumaa, saa kumi jioni. Bosi katoka mbiombio. Karudi saa kumi na mbili na robo, amechangamka."

Sasa mzururaji hapo ni nani?

3. Mbwa. Ulimwambia mpwa wangu kwamba mara nyingi ni watu wanaowaambukiza paka na mbwa wao. Vizuri, sipingani na kisomo. Lakini mbwa wetu Mlinzi ulimpima ukamkuta buheri wa afya! Ningekuwa mimi ndiye chanzo, si angekuwa wa kwanza kulala chini? Mpwa wangu anadai mbwa amenusurika kwa sababu yeye analala uani, nami nikimwona tu nakimbia. Huo ni uzushi. Mimi hufanya mazoezi ya mbio, na yeye ana tabia ya kutokea saa za mazoezi.

4. Vipimo. Mimi pua yangu ilichokonolewa mpaka nikakumbuka majina ya walimu wangu wote. Bosi, nasikia, alipanguswa kinywani kidogo huku akikunwa shingo. Usawa uko wapi?

5. Kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kwanza mtaani, na sioni kwa nini tusiseme duniani, kuambukizwa na paka, naomba cheti chenye mhuri. Kining'inizwe hapo kwako, juu ya mizani. Chini yake paka aweke unyayo wake kwenye wino kukiri kosa. Na kuanzia sasa kila mnyama wa mtaa huu awe na daftari lake, kuku nao, isipokuwa mbuzi, maana hao watakula kurasa halafu tutakosa kumbukumbu.

6. Hii namba nimeiacha wazi kwa ajili ya hasira itakayonijia baadaye.

7. Kwa hiyo basi, nakuomba umwandikie dada yangu kwamba chanzo ni paka, ahamie ghalani mara moja. Dada ananikejeli eti paka asiye na meno atawafukuza panya kwa kuwahutubia. Mimi nasema kazi haichagui mtu. Mbona mimi nimefanya kazi kumi na nne, na zote nilikuwa sizijui?

Nisalimie wote hapo: yule dada wa kadi, mzee anayefagia manyoya, na kasuku wa mlangoni aliyemtukana mpwa wangu, mwambie yamekwisha. Dada yangu anakusalimu pia, ingawa hajui kama nakuandikia.

Ni mimi, mwenye kifua chake na haki yake,

Mjomba.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha, mpwa wangu akaingia na kusema umepiga simu kwamba Bosi hajala tangu jana. Mheshimiwa, ya juu yote yachane. Hizo saa za daftarini ni zangu. Nilikuwa natokea dirisha la jikoni kwenda kwa kinyozi kucheza drafti, naye paka namfungia chumbani kwangu, amelala kwenye mto wangu, ili aonekane hayupo. Jumatano nilifungwa michezo yote, ndiyo huko kunyong'onyea. Ijumaa kinyozi alikuwa anakohoa, nami nikamwambia ni vumbi la nywele, kwa kuwa nilikuwa nashinda. Jibu la swali lako: ni mimi. Mwandikie dada hivyo hivyo, godoro nimeshalikunja. Ghalani asipelekwe.

Hajala kwa sababu hana meno. Nyama ya kusaga haitaki, nimejaribu. Huwa namtafunia mimi, kisha namtilia kiganjani, huu mwaka wa pili, na hata juma lile nilipokuwa nakohoa nilimtafunia. Dada yangu hajui. Anadhani namwibia nyama. Tafadhali mtu mmoja hapo amtafunie. Asiwe anakohoa.