Skrabu za Jikoni na Jalada la Kalenda

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Mungu ni mwema! Leo baada ya maombi ya alfajiri Mama Mchungaji ametangaza kwamba mpiga picha anakuja Jumapili. Kalenda mpya ya Umoja wa Wanawake! Miezi kumi na miwili, na jalada moja. Jalada ni la mama mmoja peke yake, "mwenye nuru usoni". Amesema hivyo kwa kinywa chake.

Miaka ishirini na miwili nimo katika umoja huu. Nimefagia, nimepika, nimebeba mabenchi. Kwenye kalenda ya mwaka huu nipo mwezi wa nane: sikio langu la kushoto, nyuma ya bega la Araba Arkorful. Sikio tu. Mkwe wangu alipoiona aliuliza sikio lile ni la nani.

Araba ameshajipa jalada. Alinipita akijipapasa mashavu, akaniambia Dada Ekua, ndugu yangu katika Bwana, wewe usihangaike, hata nyuma kunahitaji watu. Nyuma! Nikacheka naye. Moyoni sikucheka.

Najua Mungu anaangalia moyo. Lakini mpiga picha anaangalia uso.

Jioni dada mmoja redioni akasema urembo uko jikoni. Kinachofaa tumboni kinafaa usoni. Unachanganya skrabu yako, unapaka, unangoja dakika kumi, unasugua, unaosha. Nikazima redio hapo hapo, kabla hajaniharibia kwa masharti.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Nimeanza na chenga za muhogo. Bakuli zima, asali, ndimu mbili. Nikapaka mpaka shingoni.

Dakika kumi. Sasa, saa yetu ya ukutani imekufa tangu Pasaka. (Mume wangu Kwamena ni fundi saa. Mji mzima wa Saltpond unajua ni saa ngapi isipokuwa mimi.) Nikaamua kupima kwa zaburi. Nikachagua ile ndefu kuliko zote, nikaisoma kimoyomoyo, polepole, Mungu asije akadhani nina haraka.

Kila mtoto wa hapa anajua kwamba chenga za muhogo zikikutana na maji hufura. Kiganja kimoja hujaza bakuli. Nimezila miaka hamsini na mbili. Je, nilikumbuka? Zikanywa ndimu, zikanywa asali, zikanywa jasho langu. Zikafura. Kisha zikakauka. Nilipomaliza zaburi nikataka kusema amina. Mdomo ukakataa.

Na nani akabisha hodi dakika ile? Araba, eti kuazima mbuzi ya nazi. Nikamsikia Kwamena akimkaribisha, ila avumilie, mwenye nyumba amepigwa lipu. Araba akachungulia. Akasema aa, kumbe ujenzi umeanza, basi atarudi siku ya ufunguzi. Kicheko chake nilikisikia mpaka alipokata kona.

Kwamena alinibandua kwa kijiko. Kidevu kilitoka kizima, kama kikombe.

Lakini ngozi ya chini yake, laini! Niko kwenye njia.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Kosa lilikuwa muhogo. Jana nikasaga karanga, nikatia sukari, asali na ndizi moja iliyoiva sana. Nikaweka kwenye friji ilale. Asubuhi, bakuli limelambwa jeupe!

Kwamena alikuwa mezani na mkate, anajipangusa ndevu. Akasema Mama Ato, tangu unioe hujawahi kunipikia kitu kama hiki. Nikamwambia mimi sikumuoa, yeye ndiye alinioa, na ile ilikuwa skrabu ya uso. Akajipapasa mashavu. Akauliza kama inafanya kazi hata mtu akiipitishia ndani.

Nimempikia nyingine. Ni mume wangu. Lakini siku imepotea.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Leo nimetumia akili. Ni nini kinachong'arisha mchuzi? Mawese! Basi mawese na sukari. Nikasugua kwa bidii, nikaosha kwa sabuni. Uso ukawa laini kama wa kitoto kichanga. Na wa rangi ya chungwa.

Saa kumi tulikuwa na mazoezi ya kwaya. Nikajifunga kitambaa cheupe nikidhani kitanisaidia. Wimbo wa pili haujaisha, nacho kimekuwa cha chungwa.

Araba akaniinamia, akaninusa. Akauliza kwa sauti ya chini, ile inayosikika mpaka kwa wapiga ngoma: dada, mchuzi wa leo una samaki au mtupu? Safu nzima ya sauti ya pili ikaanguka kwa kicheko. Wapiga ngoma nao.

Mama Mchungaji akanivuta pembeni. Kwa upole wake ule akaniuliza kama nimepima ini. Nikamwambia sina shida ya ini. Akaniombea ini. Nikasema amina, ningefanyaje?

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Sabuni ya majivu mara saba. Chungwa limetoka, isipokuwa kidogo kwenye nyusi.

Nimefunga mpaka saa tisa. Nimemwambia Bwana sitaki mali, sitaki cheo. Jalada tu. Na kama si jalada, basi Desemba, nikiwa mzima, macho yote mawili na pua.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Nimerudi kutoka kanisani.

Niliamka na jogoo wa kwanza. Mchele na sukari, na ilibidi visagwe laini. Nikateremsha asanka, lile bakuli la udongo lenye mifereji ndani, alilotuachia marehemu mama mkwe. Limesagiwa pilipili tangu sijaolewa. Nikaliosha mara tatu. Mara tatu! Lakini maji huondoa pilipili ya jana. Ya miaka thelathini imeshahamia mle na familia yake yote.

Nilipopaka, mwanzo nikasikia joto, tena tamu. Nikasema, nuru hiyo inaingia. Baada ya hapo sikusema kitu, nilikimbilia pipa la maji. Maji yakausambaza moto mpaka masikioni. Nikapaka mafuta ya shea, tabaka juu ya tabaka. Moto ukatulia, ukajilaza chini yake kama mwizi chini ya kitanda. Nikajitazama kwenye kioo. Nang'aa! Nyekundu kidogo, lakini nang'aa. Nikavaa nyeupe yangu, nikaenda.

Kanisa lilifurika, na feni ni mbili. Jasho likaanza kwenye paji la uso. Likayeyusha mafuta. Likaingia machoni.

Mchungaji hakuwa hata ameanza mahubiri. Alikuwa kwenye matangazo, anasoma habari ya ukarabati wa vyoo. Nikapiga ukelele: Yesu! Nilimwita kweli, maana hakuna mwingine angeweza kunisaidia. Mchungaji akasimama hapo hapo kwenye vyoo. Miaka yote hii hajawahi kumliza mtu kwa matangazo. Nikaita mara ya pili, machozi yakinibubujika. Mama mmoja akalia kwamba Roho ameshuka! Basi vitambaa vyeupe vikapepea kanisa zima, ngoma zikaingia, watu wakacheza mpaka mlangoni.

Araba akaja kwangu. Araba! Akanishika mabega, akasema Dada Ekua, nimekuwa na ulimi mchafu, niombee. Moyo wangu ukalainika. Nikamkumbatia. Nikamfuta machozi kwa vidole vyangu. Vidole vile vile vya asanka.

Akapiga ukelele kunishinda mimi.

Tulilia pamoja, tumeshikana, mpaka baraka ya mwisho. Kamera ikawa inalia kaka-kaka-kaka. Mama Mchungaji amesema hajaona mapatano kama haya tangu aolewe katika utumishi.

Sikusema uongo. Hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi, tarehe 25 Oktoba

Kalenda imetoka!

Jalada: Bibi Otabil, miaka themanini na mitatu. Alilala ibada nzima. Vyoo, Roho, ngoma, yote yalimpita. Mpiga picha akamkuta anatabasamu usingizini, uso kama mwezi. Nimemuuliza anapaka nini. Ati maji.

Mimi na Araba ni Machi. Macho yamevimba, midomo wazi, pua zinatiririka. Chini yake wameandika "Mwezi wa Toba".

Nilikaa na hasira kwa muda wa chai moja. Kisha nikafikiri. Jalada mtu hulipindua Januari, basi, halionekani tena. Machi ina siku thelathini na moja. Nitaning'inia kwenye kuta za Saltpond siku thelathini na moja! Na nimetokea mzima.

Mchana Araba akaja, kalenda mkononi. Nikamkalisha, nikamweleza habari ya asanka, kwa sababu uso ule tumeugawana. Akaiweka kalenda mezani. Nikasogeza kijiko mbali naye. Akauliza jambo moja tu: ngozi ilibaki laini? Nikamwambia aguse mwenyewe. Akagusa. Akasema ee, laini! Na yake pia! Tukagusana mashavu pale kama wanaonunua maparachichi.

Ndipo akanipa habari. Alhamisi Kuu ijayo mchungaji ataosha miguu ya akina mama kumi na wawili, mbele, na mpiga picha atakuwepo. Miguu! Nani amewahi kufikiria miguu? Ya Araba ina nyufa kama barabara ya sokoni. Yangu sisemi.

Miezi mitano si mingi, kwa hiyo tumeanza leo. Hakuna pilipili, hakuna mawese, safari hii tumekuwa watu wazima. Ni unga wa mahindi uliochacha tu, ule wa kupikia madonge ya kenkey, ndoo nzima. Uchachu huo ukiweza kulainisha mahindi utashindwa na kisigino? Nimetangulia mimi, maana nguvu iko kwenye unga wa mwanzo. Araba hajagundua.

Kwamena ameingia jikoni sasa hivi, kuuliza unga wa chakula cha jioni uko wapi. Tumemwambia avumilie kidogo tu. Imebaki miguu miwili.