Kichwa Kipya Kimemtoa Baba Kwenye Santuri

Kwako Mhariri wa ukurasa wa santuri,

Nakupa kwanza heshima yako yote, kabla sijaanza kuipunguza.

YAH: KICHWA CHA SINDANO ULICHONISHAURI NINUNUE

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kina meza ya kukatia, cherehani mbili na pasi, na juu ya rafu ya vitambaa ipo mashine ya santuri aliyoiacha marehemu baba. Miaka yote mkono wa mashine ile ulibeba kichwa kikuukuu chenye sindano butu, na juu yake sarafu iliyobandikwa kwa utepe ili kisirukeruke. Tuliishi kwa amani. Kisha ukaandika katika ukurasa wako kwamba msikilizaji anayejiheshimu achague kichwa chenye sindano nyembamba, iliyochongwa bapa, "isiyoacha chochote katika mfereji wa sahani ya santuri." Nami najiheshimu, Mhariri. Ndipo nilipoponzeka.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Neno lenyewe. Mtu mzima anawezaje kusimama mbele ya mkewe na kusema, "Nahitaji kichwa kipya"? Mke wangu aliweka sufuria chini, akasema alikuwa akiisubiri siku hiyo tangu tuoane. Akawapigia simu dada zake wote. Mpaka leo shemeji zangu wakinisalimu huniuliza kama kimeshakaa sawa. Mtafute neno jingine.

2. Dukani. Muuzaji, mwenye adabu ya kutisha, aliniambia kuna vichwa vya sumaku inayocheza na vichwa vya koili inayocheza. Nikamwambia nataka kilichotulia. Akauliza kama napenda sauti ya joto au ya baridi. Mimi nilikwenda kununua sindano, si maji ya kuoga. Basi nikaona nimkomeshe kwa ujuzi wangu: nikamwambia anipe sindano kama ile ninayoshonea hariri, kwa kuwa kitu laini hutaka sindano nyembamba. Akanitazama kwa heshima kubwa, akanipa kichwa kikali kuliko vyote vilivyokuwa kabatini. Ninakiri kwamba nilitoka pale nikitembea kifua mbele.

3. Kinasikia mno. Kichwa cha zamani kilikuwa na staha. Kilipita juu ya mambo yasiyokihusu, kama mgeni mwema anavyopita mlango wa chumba cha kulala. Hiki kipya ni mbea. Mwimbaji niliyemheshimu tangu ujana sasa namsikia akivuta kamasi kati ya ubeti na ubeti. Katika wimbo uliokuwa ukimliza mke wangu, mtu mmoja kule nyuma anapiga miayo pale pale kwenye "sitakuacha." Mke wangu halii tena. Anacheka, na ni wimbo huo huo niliomposea.

Na kwenye sahani ninayoipenda kuliko zote, pale mwanzoni ambapo zamani palikuwa na mkwaruzo tu, sasa kuna mtu asiye na malezi anakohoa mara mbili na kumalizia na kifilimbi cha puani. Bendi nzima inangoja kuanza, yeye anakohoa! Kama yu hai, naomba jina lake.

4. Hili ndilo lililonikalisha kitako kuandika. Sahani hiyo ni ya baba. Alifariki nikiwa sijafikia urefu wa meza ya kukatia, na sauti yake siikumbuki hata kidogo. Nakumbuka kidole chake tu, akigonga jalada la sahani ile, na maneno aliyokuwa akisema: "Nimo humu." Basi tukaelewa kwamba kama yumo, anapiga. Na kwa kuwa gitaa la kwanza lina mwenyewe, picha yake iko kwenye jalada, baba akawa gitaa la pili. Mtaa mzima unaniita Mtoto wa Gitaa. Ukifika ubeti wa pili huweka mkasi chini, mteja husimama kimya na pini mabegani, nasi humsikiliza mzee akinguruma kule nyuma. Sina kitu kingine chochote cha kumsikia.

Kichwa chako, Mhariri, kimeonyesha kwamba gitaa ni moja. Ule mngurumo ni waya uliolegea chini ya ngoma. Nimesikiliza nikiwa nimesimama, nikasikiliza nikiwa nimeinama, nikahamia upande wa pili wa chumba. Ni waya. Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye baba yake hajawahi kuwemo ndani ya kitu chochote, alichungulia akauliza kama gitaa la mzee limepelekwa kwa fundi. Nilicheka naye, lakini niliumia sana. Nimefiwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyekuja kunipa pole.

5. Mama. Anaishi nasi, na hunishonea vifungo kazi zikinizidi. Ujane wake wote amekuwa mjane wa mpiga gitaa. Siku hizi nikisikia kandambili zake zinakuja, nauinua mkono wa mashine haraka na kujifanya natafuta chaki. Ameanza kuuliza kwa nini nyumba imekuwa kimya. Nimwambie nini? Kwamba mumewe alikuwa waya?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, vichwa vikali vifungiwe pamoja na sumu za panya na viuzwe kwa cheti cha daktari. Naomba pia kila mnunuzi aape mbele ya mashahidi kwamba hatapiga sahani yenye ndugu yake. Na ombi kubwa ni hili: utangaze katika ukurasa wako kwamba wataalamu wamegundua sindano nyembamba huruka gitaa la pili, hasa likiwa limepigwa na mtu mpole. Usihangaike na ushahidi. Hujawahi kunipa hata siku moja, na bado nilikuamini. Toleo hilo nitamsomea mama mimi mwenyewe, kwa sauti.

Usipofanya hivyo nitakirudisha kichwa cha zamani, nikibandikie sarafu ya pili juu ya ile ya kwanza, na gazeti lako nitalitumia kukatia mifano ya suruali.

Wasalimie wote hapo ofisini: mpiga chapa, msahihishaji, na yule anayechora sikio kubwa juu ya ukurasa wako. Mke wangu naye anakusalimu. Anasema yeye hicho kichwa kipya bado hajakiona.

Wako katika kazi na masikitiko,

Mtoto wa Gitaa (kwa sasa)
Fundi wa Suti, Mlango wa Kijani

Nyongeza: Tafadhali usiichape barua hii.

Nilikuwa natafuta bahasha, mke wangu akaiwasha mashine bila kuniuliza. Mama alikuwa amesimama mlangoni na suruali ya mteja mkononi. Yule asiye na malezi akakohoa mara mbili, akamalizia na kifilimbi chake. Mama akaketi juu ya marobota ya vitambaa. "Huyo hapo," akasema, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa suruali ya mteja.

Nilipomuuliza habari za gitaa alinishangaa. Kumbe baba alikuwa dereva wa bendi. Aliwabebea ngoma, na siku ya kurekodi wakamruhusu akae kwenye kona kwa sharti la kunyamaza. "Lini baba yako alisema anapiga?" mama akaniuliza. "Alisema yumo. Gitaa mlimshikisha ninyi, nami sikuona sababu ya kumnyang'anya."

Tumekirudia kikohozi hicho mchana kutwa, wimbo wenyewe hatujaufikia. Kinyozi amekuja kusikiliza, na ameomba kirudiwe.

Nina swali moja tu. Baada ya kikohozi mtu anamwambia baba jambo, naye anajibu, chini chini sana. Mama anataka kujua amejibu nini. Je, Mhariri, kipo kichwa kikali kuliko hiki?

Mtoto wa Kikohozi