Februari ya Tano

Jumatatu, 9 Juni. (Kwenye kompyuta: 21 Februari.)

Siku ya kwanza ya likizo. Nilipanga kulala hadi saa nne. Saa mbili mke wangu akaniamsha, karatasi mkononi, uso wote kicheko. Hospitali yao inatafuta muuguzi msimamizi wa wodi ya wazazi. Kazi ya mchana tupu! Miaka kumi na moja amekuwa akipangiwa zamu za usiku, anarudi asubuhi viatu mkononi, anasinzia na kijiko mdomoni. Fomu inajazwa kwenye kompyuta, kwa simu haikubali. Mwisho Ijumaa, saa kumi jioni.

Tukawasha kompyuta. Ikasema inasakinisha masasisho, tusubiri. Ikafika asilimia thelathini, ikakwama. Ikasema imeshindwa, inarudisha mambo yalivyokuwa. Ikajizima, ikajiwasha, ikaanza moja. Mara tatu! Tulipoingia hatimaye, ukurasa wa hospitali ukagoma: kompyuta hii imepitwa na wakati, isasishwe kwanza.

Mke wangu akasema amwite mdogo wake, maana ndiyo kazi yake, kutengeneza kompyuta katika ofisi ya bima. Nikaruka kama niliyekalia moto. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mtunza stoo, na stoo yetu ina kompyuta, na kompyuta hiyo naiwasha mimi mwenyewe kila asubuhi kwa miaka sita. Akasema haya. Haya yake haikuwa na uzito.

Sasa ukweli, kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu. Shemeji yangu huyo hatakiwi kuiona kompyuta ile hata kwa kupitia dirishani. Kila Jumapili anakuja kula, na baada ya kula ananifunga drafti mbele ya mama mkwe, ambaye anahesabu kete zangu zinazoliwa kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Tangu nioe sijamfunga hata mara moja. Kwa hiyo mwezi wa pili nilipata programu ya kufundishia drafti. Bure kwa siku thelathini, baada ya hapo ulipe. Mtu mwenye akili zake analipaje, na kalenda ya kompyuta inarudishwa nyuma kwa kidole? Februari ikikaribia kwisha, naipeleka tena tarehe mbili. Hii ni Februari yangu ya tano. Nimefika ngazi ya tisa. Ziko kumi.

Jumapili hii namfunga. Akiiona programu mapema, nimekwisha.

Jumanne, 10 Juni. (Kwenye kompyuta: 22 Februari.)

Nimegundua tatizo! Kompyuta imeshiba. Haina pa kuweka masasisho.

Nikakaa nayo asubuhi nzima, nikifuta. Nimefuta hotuba za watu nisiowajua. Nimefuta picha mia nne za vidole vya mama mkwe, ambaye anaishi nasi na anapenda kupiga picha. Nimefuta faili moja kubwa mno lisilo na jina la maana. Drafti sikuigusa.

Nikawasha upya. Asilimia kumi. Ishirini. Nikaanza kupiga mluzi. Thelathini. Ikakwama.

Saa tano mama mkwe akaja kutazama harusi ya binti yake mdogo, anavyoitazama kila siku saa tano. Harusi haipo. Lile faili kubwa lisilo na jina! Nikamwambia kompyuta imechoka, leo inapumzisha harusi. Nikaenda kulitafuta kwenye pipa la taka la kompyuta, nikalikuta, nikalirudisha jasho likinitoka. Mke wangu aliporudi, mama mkwe akamweleza kwa upole kabisa kwamba mkwe wake leo aliitupa harusi pipani.

Mke wangu akauliza na fomu je. Nikasema kesho. Akasema basi aende ofisini kwa mdogo wake akaijazie huko. Nikajifanya nimeumia. Nikamwuliza tangu lini mtu mwenye fundi nyumbani akahangaike kwa mafundi wa nje. Akanionea huruma. Ndiyo mbinu yangu bora kuliko zote, na sijaitumia vya kutosha.

Jumatano, 11 Juni. (Kwenye kompyuta: 23 Februari.)

Vumbi! Nilipaswa kuwaza tangu mwanzo. Mashine ikijaa vumbi inapata joto, ikipata joto inachanganyikiwa. Nikaifungua mezani sebuleni kwa bisibisi, nikachukua pampu ya baiskeli, nikapuliza.

Vumbi la miaka minane likaruka, likatua juu ya mama mkwe. Akapiga chafya saba mfululizo. Kila nilipomwambia pole, akapiga nyingine.

Hapo nikapata wazo. Mke wangu alikuwa ameondoka akitishia kumpigia mdogo wake simu. Nikamwahi kwa kumpigia shemeji mimi kwanza. Nikamwambia shemeji asije nyumbani mpaka Jumapili, mama yake ana mafua makali, ya kuambukiza, chafya saba kwa mpigo. Sikudanganya. Chafya zilikuwa saba, nilizihesabu.

Nikarudi kufunga mashine. Skrubu mbili zimebaki, sijui za wapi. Kompyuta imewaka bila hizo, kwa hiyo hazikuwa za lazima.

Haikupita saa moja, hodi. Shemeji! Amebeba machungwa, asali na kipimajoto. Sikuwaza kwamba mtoto akisikia mama yake ni mgonjwa atakuja mbio. Mama mkwe alikuwa uani anafua blanketi zito peke yake, anaimba. Mwanawe akamshika paji la uso. Akamtia kipimajoto kwapani. Mzima kabisa. Mama mkwe akafurahia machungwa, wala hakuuliza yametoka wapi.

Shemeji akasema kwa kuwa amefika, hebu aitazame hiyo kompyuta inayosumbua. Mkono wangu ukaenda wenyewe nyuma ya meza ukachomoa waya. Nikasema bahati mbaya umeme umekatika. Akaitazama redio ya mama mkwe iliyokuwa inaimba juu ya kabati, imechomekwa ukutani. Akaitazama feni. Feni ilikuwa inazunguka. Akasema sawa shem, umeme ukirudi mtaniambia.

Anacheka kwa pua, huyu bwana. Simpendi anavyocheka.

Alhamisi, 12 Juni. (Kwenye kompyuta: 24 Februari.)

Asilimia thelathini. Asilimia thelathini. Asilimia thelathini. Mara tisa nimeiwasha.

Nikajikaza kisabuni. Ofisi ya bima ina namba ya msaada wa kompyuta kwa wafanyakazi wake wote. Nami nikajifanya mfanyakazi wao. Nikajifungia bafuni, nikajibana pua, nikapiga. Nikajitambulisha kuwa ni Afisa wa Ghala wa tawi la mbali. Simu ikapokelewa. Na nani? Na shemeji mwenyewe! Nilidhani wana watu wengi.

Kukata simu kungenitia mashakani zaidi. Nikaendelea kwa pua. Nikamweleza masasisho yanavyokwama. Alikuwa na adabu kubwa, akiniita mzee. Akaniuliza swali moja tu: tarehe ya kompyuta yako iko sahihi, mzee?

Nikakaa juu ya ndoo.

Akaeleza taratibu. Kila sasisho linakuja na mhuri wenye tarehe. Kama mhuri ni wa mwezi wa tano na kompyuta inaamini bado ni mwezi wa pili, inaona barua imetoka siku ambayo haijafika. Inaona ni ya kughushi. Inaikataa. Sahihisha tarehe, mzee, kila kitu kitakwenda. Nikamshukuru kwa pua, nikakata.

Kumbe ni mimi! Miezi minne mashine haijasasishwa, na mchawi ni mimi mwenyewe na kidole changu.

Dawa ni dakika moja. Lakini nikisahihisha tarehe, programu ya drafti itaona siku thelathini zimekwisha zamani, itajifunga, na ngazi ya tisa itapotea. Nimebakiza michezo minne tu kufika ya kumi. Nikapiga hesabu. Mwisho ni kesho saa kumi jioni. Nikisahihisha kesho saa nane mchana, masasisho dakika ishirini, fomu dakika thelathini. Nafasi bado ni kubwa.

Jioni mke wangu akaandika barua yake ya maombi kwenye karatasi, tayari kuinakili. Akaniomba niikague. Ameandika kwamba kwa miaka kumi na moja amewapokea watoto wengi usiku, na kwamba angependa sasa awafundishe wauguzi wadogo mchana, na awe anaona jua. Nikaisoma mara mbili. Nikaona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakapata moto. Naiandika hapa ijulikane kwamba nina moyo.

Kisha nikacheza michezo miwili. Nimeshinda mmoja.

Ijumaa, 13 Juni. (Kwenye kompyuta: 25 Februari, kisha 13 Juni.)

Asubuhi nikacheza miwili ya mwisho. Nikashindwa yote. Nikaongeza mmoja wa kufuta aibu.

Saa nane na robo nikasahihisha tarehe. Programu ya drafti ikasema muda wa majaribio umekwisha, ikafunga milango. Nikainamisha kichwa kwa heshima.

Masasisho yakaamka. Thelathini ikapita! Nikaipigia makofi. Mama mkwe naye akapiga makofi, hajui ya nini. Ndipo yakatokea maandishi madogo: sasisho la kwanza kati ya arobaini na moja. Usizime kompyuta.

Arobaini na moja! Miezi minne yote imekuja siku moja!

Saa tisa kasoro robo: sasisho la nane. Saa tisa: la kumi na mbili, na inajiwasha upya kila baada ya mawili. Saa tisa na dakika kumi mke wangu akaingia. Amebadilishana zamu kwa ajili ya hili. Akaona skrini. Akauliza imebaki ngapi. Nikasema kidogo. Akasoma mwenyewe.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, barua yake mapajani, akasema alikuwa ameniomba jambo moja tu wiki nzima, nimwite mdogo wake. Akasema kama fundi ni mimi na kompyuta ni yangu, basi na usiku wa miaka mingine kumi na moja ni wangu, nikakeshe mimi. Halafu akalia, na hajui kulia, analia huku anajifuta kabla machozi hayajatoka.

Nikachukua simu. Pua sikuibana. Nikamwambia shemeji njoo, na uje na kompyuta yako, nimeharibu.

Alifika kwa baiskeli saa tisa na dakika thelathini na tano, shati limelowa. Akafungua kompyuta yake ya mkononi sebuleni. Mke wangu akawa anasoma, yeye anachapa, mama mkwe anataja saa ilivyofika bila kuombwa. Mimi nilishika waya wa chaji. Ulikuwa umekaa vizuri tu, lakini niliushika. Saa kumi kasoro dakika nne: maombi yamepokelewa. Mke wangu akamkumbatia mdogo wake, akamkumbatia mama yake. Mimi akanipa barua nikaihifadhi.

Shemeji alipokuwa anavaa viatu, akauliza kwa sauti kama Afisa wa Ghala ameshasahihisha tarehe yake. Amejua tangu neno la kwanza! Akasimulia yote. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Mke wangu hakucheka. Ikabidi nisimame katikati ya sebule niape mbele ya watu watatu kwamba sitagusa tena tarehe ya kompyuta. Nikaapa. Neno kwa neno: tarehe ya kompyuta.

Jumapili, 15 Juni. (Kwenye kompyuta: 15 Juni. Inachosha.)

Drafti. Kwenye programu, nikishika kete, pale inapoweza kwenda panawaka taa ya kijani. Ubao wetu ni wa mbao na vizibo vya soda. Haukuwaka popote. Mama mkwe amehesabu mpaka kumi na mbili.

Jumapili, 22 Juni. (Kwenye kompyuta: 22 Juni. Sijaigusa.)

Wiki njema. Alhamisi mke wangu aliitwa kwenye usaili! Kesho Jumatatu, saa tatu asubuhi. Wamechaguliwa wawili tu. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaoa. Mke wangu amenisamehe, nadhani. Jana kanipa mnofu mkubwa.

Leo mchana mama mkwe akaniita pembeni. Ana programu kwenye simu yake ya kupamba picha za harusi kwa maua na mioyo. Ilikuwa ya bure wiki mbili, tangu juzi imejifunga. Kasikia mimi nina njia. Nikamwambia niliapa. Akasema niliapa kuhusu kompyuta, na hii ni simu. Mwanamke mwenye akili nyingi! Nikairudisha simu yake nyuma siku tano. Sasa kwake ni Jumanne, tarehe 17. Maua yakarudi. Akaniita mwanangu, mara mbili.

Jioni mke wangu akasema anaenda kulala mapema, amechoka na zamu ya jana. Mimi haniamini kumwamsha, nikilala hata nyumba ikiungua siamki. Simu yake mwenyewe inazimika ovyo. Akasema safari hii hataki kifaa chochote nilichowahi kutia mkono. Akachukua simu ya mama yake, akaitegesha ilie Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu tu, isije ikamsumbua mama siku nyingine, kisha akamrudishia alale nayo, ikilia amwamshe. Akalala anatabasamu.

Kwa simu hiyo, Jumatatu ni baada ya siku sita.

Nilifika mlangoni nimwambie, nikarudi. Kusema ni kukiri. Kwa hiyo niliamua kuichukua simu kimyakimya na kuirekebisha. Mama mkwe ameifunga kwenye leso, akaitia kifuani. Huko mkwe haendi, hata kwa macho.

Lakini sijashindwa. Nimepata programu ya kuamsha watu, ina mlio wa jogoo, kelele zake zinatoboa ukuta. Nimeiweka kwenye kompyuta, inasakinishwa sasa hivi, imefika asilimia thelathini. Bure kwa siku saba. Siku saba, kwa mtu kama mimi, ni mwaka mzima.