Hakuna Mutasyo Bila Muhuri

"Kuanzia leo, hakuna mtumishi, mkubwa au mdogo, aonekanaye au asiyeonekana, atakayepata mutasyo, yaani uhamisho wa kazi, katika Kasongo bila muhuri wa Ofisi ya Uhamisho!"

Tangazo hilo Shefu Aristote, mkuu wa ofisi hiyo, alilisoma mwenyewe redioni, kwa sauti ya mtu aliyeokoa nchi. Na kweli nchi ilikuwa hatarini. Asubuhi ile muuguzi Cadette alikuwa amefika ofisini kuomba karatasi ya kupita vizuizi vya barabarani. Alibeba kichupa chenye kipande cha uvimbe kilichotolewa shingoni mwa Mama Apolline, mkulima wa mpunga mwenye saratani ya tezi.

"Kinaenda kupimwa nini?"

"Mutasyo, Shefu. Mwilini iko jeni yenye kufanya kazi ya sentineli, ya mulinzi, inazuia uvimbe kukua. Kama imepata mutasyo, ni kusema imegeuka, dawa ya kawaida inaweza kushindwa. Daktari anangojea jibu ndiyo achague dawa."

"Sentineli kapata mutasyo? Nani alisaini?"

"Hakuna mutu alisaini. Inajifanyaka yenyewe."

Shefu alishika meza. Alikwisha kuhamishia walimu wengi Wamaza, kijiji cha mbali porini, wengine kwa kosa la kuchelewa kumwamkia, na hata mmoja hakuwahi kujihamisha mwenyewe. Huu ulikuwa uasi. Kichupa kikafungiwa kabatini, tume ikaundwa. Tume ilikaa, ikala wali na samaki, ikatoa uamuzi: sentineli asiye na namba ya kazi hawezi kuhamishwa, kwa hiyo mgonjwa hana mutasyo, kwa hiyo hakuna cha kupima.

Mama Apolline alikuja mwenyewe, kitambaa kikining'inia shingoni.

"Shefu, hii uvimbe haisikilizake redio. Juzi kitambaa ilikuwa inafunga. Leo inakataa."

"Vumilia, Mama. Serikali inamshughulikia sentineli wako."

"Basi mumuamushe!"

Simu ya Shefu ikalia kutoka Kindu, makao makuu ya jimbo. Alisikiliza amesimama, kisha akakaa. Wakubwa walikuwa wamempa mutasyo. Wamaza.

Ilibidi awahi Kindu kujitetea. Pikipiki iliyokuwa tayari kuondoka ilikuwa ya dereva Pitchou, ile iliyokodiwa na hospitali.

"Hii pikipiki iko ya kichupa," Pitchou alisema. "Kichupa ikipanda, Shefu anapanda nyuma yake. Kichupa ikibaki, tunabaki wote."

Shefu akafungua kabati. Akaandika haraka, "Mutasyo iruhusiwe kupita", akagonga muhuri mara tatu. Akakikumbatia kichupa njia nzima, matope hadi magotini. Kila kizuizi askari waliuliza, "Munapeleka nini?"

"Mutasyo."

"Ya nani?"

Hapo Shefu alikohoa.

Kindu, kichupa kilipanda ndege kwenda maabara, Shefu akaenda kwa mkurugenzi. Alikuwa na hoja moja, nayo ya chuma. "Hakuna mutasyo bila muhuri wa ofisi yangu. Yangu haina."

"Tulisikia redioni," mkurugenzi alisema kwa upole. "Na hiyo mkononi ni karatasi gani?"

Akaisoma. Akaihesabu mihuri, akaiweka karatasi kwenye faili la Shefu.

"Mara tatu! Umekubali kwa moyo wote, ndugu yangu. Safari njema."

Jibu la maabara lilikuta Shefu amekwisha kuhama. Cadette alimsomea Mama Apolline kitandani: hakuna mutasyo, dawa ya kawaida ianze leo.

"Na ya Shefu?"

"Yake walikuta iko."

Mama Apolline alinyoosha mkono kwa sindano. "Masikini. Nani alisaini?"